Kombe la Bi Kazija

Inspekta Riyama Mcha alikuwa hapendezwi na watu wanaokiri haraka. Mwizi anayekana mpaka dakika ya mwisho, huyo Riyama alimwelewa vizuri. Kukana ndiyo kazi ya mwizi, na mpelelezi naye ana yake. Lakini mtu anayekuja kwa miguu yake, hajaitwa, hajaulizwa, akanyoosha mikono miwili akasema nifungeni, huyo alimtia wasiwasi. Mara nyingi mtu wa namna hiyo anabeba mzigo usio wake, na kumtua ni kazi ngumu kuliko kumfukuza mwizi sokoni Darajani.

Bi Kazija alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Andika, mwanangu," alisema. "Andika kuwa mie ndiye niliyemfanya Ulfat alivyo. Usijipe taabu ya kuniuliza."

"Shikamoo kwanza, mama," Riyama alimjibu, akakaa kando yake.

"Marahaba. Andika."

Walikuwa kwenye benchi la ukumbini, katika hospitali moja ndogo ya Mbweni ambayo jina lake halitusaidii kitu. Asubuhi ilishapamba moto, na mwanamke huyu wa Mkokotoni alikuwa amekaa hapo tangu Jumatatu. Alilala hapo, alisali hapo. Chai aliyoletewa na wauguzi ilikuwa imepoa pembeni yake, haikuguswa. Chumba cha wagonjwa mahututi kilikuwa hatua chache tu, na ndani yake alilala mtoto wake wa pekee, bi harusi ambaye hata mwezi wa ndoa haujatimia. Yeye mama mtu alikuwa haruhusiwi kuingia.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Ulfat alishikwa na maumivu ya tumbo, akaletwa hapa, akaambiwa ni kidole tumbo, kikatwe. Kikakatwa. Kidole tumbo kikatoka na Ulfat hakuamka. Alikuwa anapumua, moyo unapiga, lakini akiitwa haitiki. Madaktari walisema ubongo ulikosa hewa katikati ya operesheni. Kwa nini ulikosa hewa, hilo ndilo lililomleta Riyama, maana wakwe walikwenda kituoni kumshitaki Bi Kazija, na Bi Kazija akawaunga mkono.

"Ulimpa nini hasa?"

"Kombe. Sheikh wetu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaosha kwa maji na marashi kidogo, nikampa anywe kabla jua halijatoka. Hospitali washasema asitie kitu kinywani. Mie nikajiambia, maneno ya Mungu si chakula, hayo hayamo. Kumbe yamo."

"Sahani nzima?"

"Kikombe cha kahawa. Hata nusu hakumaliza, alikuwa anaona kichefuchefu."

"Na wakamwingiza kupasuliwa wakati gani?"

"Mie nshasali adhuhuri. Halafu daktari akatoka, uso umembadilika, akaniuliza, mama, huyu amekula chochote? Nikamwambia kombe. Basi. Tangu hapo nikasikia alitapika usingizini, matapishi yakaingia kwenye mapafu." Alimtazama Riyama kwa mara ya kwanza. "Nilimnyonyesha mimi, nikamlea mimi, halafu nikamnywesha mimi. Andika."

Riyama hakuandika. Maji ya alfajiri, nusu ya kikombe cha kahawa, mpaka baada ya adhuhuri! Yeye hakusoma udaktari, lakini alikuwa na tumbo, na alijua maji hayakai ndani yake muda wote huo yakisubiri kumdhuru mtu.

Mlango wa chumba cha mahututi ulifunguliwa, akatoka Bi Faiza, mama mkwe wa Ulfat, mwanamke mnene mwenye macho mekundu ya kukesha. Alipomwona Bi Kazija alisimama kizingitini kama anayeziba njia kwa mwili wake.

"Afande, unamsikiliza nini? Kashasema mwenyewe!"

"Nasikiliza kila mtu, Bi Faiza. Zamu yako inakuja."

"Zamu yangu ndo hii. Mimi si mtu mbaya. Nampenda yule mtoto kuliko huyo kijana wangu aliyemuoa, muulize Anuar mwenyewe atakwambia. Lakini huyu kashamlisha mara moja, akiingia atamlisha tena. Mara zamzam, mara asali, mara sijui nini. Haingii. Madhali mimi niko hapa, haingii."

Bi Kazija hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu, na hilo lilimuudhi Riyama kuliko maneno yote ya Bi Faiza.

"Nipe leo," Riyama alisema. "Nikitoka chumba cha upasuaji na jibu lile lile, nitamchukua mwenyewe. Nikitoka na jingine, utamfungulia mlango."

Bi Faiza alivuta mtandio wake. "Haya. Lakini jibu jingine hakuna."

*

Kuingia upande wa upasuaji Riyama alivuliwa viatu, akapewa ndara za hospitali na kofia ya kitambaa iliyomfanya aonekane muuza keki. Koplo Amour, kijana wake wa kazi, mtu wa Kendwa mwenye mabega mapana, alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Cheka, cheka," Riyama alimwambia. "Yako hii hapa."

Daktari Saadiya ndiye aliyempasua Ulfat. Alikuwa mwembamba, mwepesi, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye vidole vya Riyama. Vilikuwa vyeusi mpaka pingili ya kwanza, maana wiki ile kulikuwa na harusi ya mpwa wake, na inspekta au si inspekta, shangazi hawezi kukimbia piko, ile rangi nyeusi ya harusi.

"Ungekuja kupasuliwa na vidole hivyo ningekugombeza," alisema daktari.

"Kwa nini, piko inaambukiza?"

"Haiambukizi. Inapofusha mashine." Alichukua kibanio kidogo kilichounganishwa na waya, kama kile cha kubania nguo kambani. "Hiki tunakitia kidoleni. Kina taa, inapita kwenye nyama, inatuambia damu imebeba hewa kiasi gani. Ukiwa na piko nzito, taa haipiti. Mashine haisomi, au inasoma uongo."

"Na Unguja hii wanawake mnawapasua wangapi wasio na piko?"

Daktari alitabasamu kidogo. "Mwezi kama huu wa maharusi, wachache. Tunawaambia waitoe. Wataitoaje? Piko ikishika imeshika. Basi tunatafuta kidole kitupu, au sikio."

"Haya, nieleze Jumatatu. Matapishi uliyaona?"

"Mimi macho yangu yako tumboni. Kichwani anasimama Nadir, mtaalamu wa usingizi. Kati yetu kuna shuka limetundikwa. Kinachotokea upande wake anakiona yeye."

"Kwa hiyo hukuyaona."

"Sikuyaona."

"Mtu akitapika mnafanyaje?"

"Tunafyonza. Kuna mpira unavuta, vinaingia kwenye chupa ile." Alionyesha chupa ya kioo ukutani.

"Ulipomaliza operesheni ile chupa ilikuwa na nini?"

Daktari Saadiya alikwenda kwenye chupa, akaitazama kana kwamba Jumatatu bado ilikuwa imo ndani.

"Ilikuwa kavu," alisema taratibu. "Niliona ikitolewa. Kavu. Na mimi sikujiuliza."

"Ulijuaje basi kuwa mambo yameharibika?"

"Damu. Ilikuwa nyekundu vizuri, mara ikawa rangi ya zambarau. Nikapiga kelele. Nadir akaanza kuhangaika huko kichwani kwake, na baada ya kidogo rangi ikarudi. Lakini tulikuwa tumechelewa."

"Hiyo ilikuwa mwanzoni? Anapolazwa usingizi?"

"Hapana, katikati. Kidole tumbo chake kilikuwa kimejificha kwa nyuma, nikaomba kitanda kiinamishwe upande wa kushoto nikione."

Riyama aliandika neno moja, *kitanda*, akalipigia mstari. Kisha akauliza swali ambalo wapelelezi wengi hulisahau kwa sababu ni la kijinga.

"Mashine yenu hii, kazi yake si kupiga kelele hewa ikipungua? Ilipiga?"

Daktari alikitua kile kibanio. "Ilipiga. Nadir akasema ni piko, akaizima kelele. Tukaendelea."

"Na wewe ulikubali?"

"Inspekta, hapa tunalisema hilo neno kila siku. Mashine ikilia, piko hiyo. Ikilia tena, piko hiyo. Na mara zote inakuwa kweli. Hata sisikii tena linaposemwa."

"Naomba mumwite Nadir," Riyama alisema. "Na naomba nitoke kidogo, nina mtu nataka kumuuliza kitu."

*

Bi Kazija alikuwa pale pale. Riyama alipokaa safari hii alitazama benchi lilipo. Lilikuwa limeegemea ukuta wa chumba cha upasuaji, na juu ya mlango kulikuwa na dirisha la vibao vilivyovunjika. Sauti za ndani zilitoka zote, hata mlio wa makasi yaliyoangushwa kwenye sinia.

"Mama, Jumatatu walipokuwa ndani, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ningekwenda wapi?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Navuta uradi." Alionyesha tasbihi iliyokuwa mkononi mwake. "Ya Latifu. Ile mashine ilikuwa inalia ndani, ti, ti, ti. Nikaona bora niende nayo. Kila ikilia na mie nataja. Nikajiambia, hivi moyo wa mwanangu na tasbihi yangu vinakwenda pamoja, hatokuwa peke yake humo."

Riyama alikuwa na watoto wawili, na alijua asingepata akili ya kufanya jambo zuri kama hilo.

"Ikalia hivyo hivyo mpaka mwisho?"

"Ah, hapana. Ililia vizuri muda mrefu, mpaka ulimi ukanikauka. Kisha nikasikia kitanda kinalia kriii, na daktari anasema basi hapo hapo. Baada ya hapo mlio ukaanza kushuka."

"Ukapungua kasi?"

"Siyo kasi, mwanangu. Sauti. Sauti yenyewe ilishuka." Bi Kazija alifumba macho, na kwa koo lililochoka akafuatisha, juu kwanza, halafu chini kidogo, halafu chini zaidi. "Ti, ti... tu, tu... to, to. Kama mtu anateremka ngazi. Halafu ikapiga kelele nyingine, ya ukali. Nikamsikia mwanamme anasema, piko hiyo. Kelele ikakatwa. Lakini ule mlio ukaendelea kushuka, na mie nikashuka nao, nataja kwa sauti nzito kama yake. Nikadhani ndo kawaida."

"Bi Kazija! Mbona hukusema?"

"Nani kaniuliza mlio? Kila mtu kaniuliza kombe."

Riyama alisimama, akakaa tena, akasimama. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kushikashika watu, lakini alimshika Bi Kazija bega, akamwambia asiondoke hapo benchini hata kwa dawa, na masikio ayaweke wazi.

*

Nadir alikuwa amefika. Mtu wa makamo, ndevu hazikuchongwa tangu Jumatatu, shati limevaliwa kombo. Alisema yale yale aliyoyaandika kwenye maelezo yake: mgonjwa alitapika, hewa ikazibwa, alifanya awezalo. Aliyasema akitazama sakafu.

"Sawa," Riyama alisema. "Mimi ni mtu mgumu kuelewa. Nataka unionyeshe mashine inavyofanya kazi. Nianze mimi."

Akatoa kidole chake cheusi. Nadir akakitia kibanio. Mashine ilihangaika, ikaonyesha namba ya kipuuzi, ikafuta, kisha ikapiga kelele kali. Kutoka nje, kupitia dirishani, ikasikika sauti ya Bi Kazija.

"Siyo hiyo!"

Daktari Saadiya aligeuka. "Anasikia?"

"Anasikia kila kitu," Riyama alisema. "Amekaa hapo siku zote hizi na hakuna aliyemuuliza amesikia nini. Koplo, zamu yako. Hebu waambie wewe wa wapi."

"Wa Kendwa, afande."

"Na kabla ya polisi ulikuwa unafanya nini?"

"Nazamia pweza."

"Unaweza kukaa bila pumzi?"

"Kwa pweza naweza," alisema Amour, akijilaza kitandani huku kofia ikimfunika nusu ya uso. "Kwa serikali ntajaribu."

Kidole chake kilikuwa kitupu. Mashine ilikishika papo hapo, ikaanza kulia vizuri, nyembamba, ti, ti, ti. Daktari Saadiya akasimama karibu, mkono kwenye bega la koplo. Riyama akampa ishara. Amour akatoa pumzi zote zilizokuwa kifuani, akafunga mdomo, akaziba pua.

Kwanza hakuna kilichobadilika. Kijana alilala kimya, macho juu ya dari, na mashine ikaimba vile vile mpaka Riyama akaanza kujilaumu. Kisha, polepole, mlio ukanyauka. Ukashuka kidogo. Ukashuka tena. Mishipa ya shingo ya Amour ilikuwa imesimama. Mlio ukawa mnene, ukateremka, na kelele ya ukali ikaruka juu yake.

Nje, benchi lilianguka.

"Hiyo!" Bi Kazija alikuwa mlangoni, anaupiga kwa viganja viwili. "Hiyo ndiyo! Hiyo hiyo, wallahi! Mwacheni avute hewa huyo, mwacheni avute hewa!"

"Vuta!" daktari alisema, na Amour akavuta kama mtu aliyetoka chini ya mwamba. Mlio ukapanda wenyewe, ngazi kwa ngazi, mpaka juu. Amour aliketi, safari hii bila utani.

Riyama alimgeukia Nadir. Hakupandisha sauti. Angekuwa mwizi angempandishia, lakini huyu hakuwa mwizi.

"Piko inaharibu tangu mwanzo. Umeiona kwangu, haikungoja kitanda kiinamishwe. Kwa Ulfat mashine ililia vizuri kwanza, muda mrefu. Sasa nna swali moja tu. Jumatatu kibanio ulikitia kidole gani?"

"Kidogo. Cha kushoto."

"Kwa nini kidogo?"

"Kwa sababu hicho hakikuwa na..."

Ukweli Nadir alikuwa anao siku zote hizo, lakini alikuwa hajawahi kuusikia kwa sauti yake mwenyewe.

"Hakikuwa na piko," alimalizia Daktari Saadiya kwa niaba yake, taratibu.

"Ulfat alijikata kwa mbuzi ya nazi," Nadir alisema. "Hawakumpaka kidole hicho. Nikafurahi nilipokiona, nikamwambia, Mungu amekuwekea hiki kwa ajili yangu, akacheka. Mimi mwenyewe nilikitafuta, nikakipata, nikakitia. Halafu mashine ikalia, na neno likatoka lenyewe. Sikugeuza hata shingo. Nilikuwa natayarisha dawa za mgonjwa wa pili, nikanyoosha mkono nikazima kelele, kama unavyofukuza nzi."

"Na hewa ilikatika wapi?"

"Mpira. Kitanda kilipoinamishwa mpira wa hewa ulichomoka chini ya shuka. Daktari alipopiga kelele ya damu ndipo nikapapasa, nikaukuta, nikauchomeka." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Kutapika hakutapika. Nilikuwa sijui nitasema nini. Kisha daktari akatoka kumuuliza mama, akarudi na habari ya kombe. Afande, nilishukuru. Mungu anisamehe, nilishukuru kwa kombe la mama wa watu."

Daktari Saadiya alivua kofia yake, akaikunjakunja mikononi.

"Na mimi nilisikia kelele, nikaendelea kukata," alisema. "Usijibebeshe peke yako, Nadir. Ulilisema neno, na sote humu ndani tulilikubali." Akavuta pumzi. "Leo hapasuliwi mtu asiye wa dharura. Na kuanzia leo, ikilia, mikono inasimama. Yangu ya kwanza. Tunatazama kifua kinapanda au hakipandi, tunaufuata mpira kwa mkono mpaka unapoishia, na mtu yeyote aliyemo humu, hata anayefagia, akisema simama, tunasimama. Tukishamwona mgonjwa salama ndipo tutazungumza habari za vidole."

"Hayo ni yenu," Riyama alisema. "Yangu mimi ni maelezo mapya, Nadir, na utayatia sahihi. Yatakwenda kwa mwendesha mashtaka na kwenye baraza lenu, na huko sikuahidi kitu. Lakini kabla ya karatasi kuna mtu yuko nje ya mlango huu amepiga mpaka viganja vimemuuma. Utamwambia wewe."

"Siwezi, afande."

"Utaweza. Mimi nitasimama karibu yako."

*

Nadir alimwambia amesimama, kichwa chini, bila kupunguza neno. Alipofika kwenye kombe sauti ilimkatika, ikabidi aanze upya. Daktari Saadiya naye akaongeza lake: kwamba maji ya alfajiri tumbo lilikuwa limeshayamaliza kabla ya adhuhuri, kwamba hayakumdhuru mtoto, kwamba siku nyingine ampe tu lakini awaambie, watamwambia wakati wa kumpa, na kwamba wao ndio waliokosea kumtwisha jambo hilo.

Bi Kazija alisikiliza yote akiwa ameshikilia tasbihi kifuani. Alipoelewa alitaka kukaa, asikumbuke kuwa benchi bado limeanguka. Riyama na Amour wakamdaka, wakamkalisha, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama wanavyolia watu wa kwao msibani.

Bi Faiza alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa amesikia. Riyama alijiandaa kwa ugomvi, maana watu wakitolewa makosa hadharani mara nyingi hutafuta jingine la kushika. Bi Faiza hakutafuta. Alivua ndara zake za kuingilia chumba cha mahututi, akainama kwa shida na unene wake, akaziweka miguuni kwa Bi Kazija.

"Vaa, dada," alisema. "Kiti changu kiko karibu na kichwa chake. Mimi nitakaa huku."

Bi Kazija alizivaa. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka, akamtafuta Nadir kwa macho.

"Wewe. Una mama?"

"Ninaye, mama. Yuko Ng'ambo, hapa hapa mjini."

"Anajua?"

"Hajui. Namwambia niko kazini."

Uso wa Bi Kazija haukulainika.

"Sijakusamehe. Nikikwambia leo nshakusamehe ntakuwa mwongo, na mwanangu amelala humu. Lakini nenda kwa mamako sasa hivi, umwambie kwa mdomo wako. Mie niliambiwa na watu, nimesimama ukumbini, sina wa kunishika. Usimfanyie mamako hivo. Na umwambie akupe chakula."

Nadir aliondoka akitembea kwa kushika ukuta. Riyama alimpa Amour ishara amfuate, si kwa kumlinda asikimbie, ila asianguke njiani.

Chumbani kulikuwa na baridi. Ulfat alilala chali, shuka limevutwa mpaka kifuani, macho yamefumba nusu. Tangu jana alikuwa anavuta hewa mwenyewe, bila msaada; zaidi ya hapo Daktari Saadiya hakutaka kuahidi, na Riyama alimheshimu kwa hilo. Anuar, mume wake, aliinuka haraka akasogea ukutani.

Bi Kazija hakukaa kwenye kiti. Alipanda kitandani kwa upande, kama anayemlaza mtoto mchana, hakuna aliyethubutu kumkataza, akapitisha mkono chini ya shingo ya binti yake na kuweka mdomo sikioni pake.

"Ulfat," alisema. "Mamako huyu. Sikukuacha, mwanangu. Walinichelewesha tu."